Miungu wa Warhammer 40,000: wabaya wao, au wabaya sisi tunaowalisha?

1. MpakaRangi (Ijumaa, saa 3:12 usiku)

Salaam jamaa. Jana tulikaa Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, watu wanne, kila mtu na viazi karai vyake, ukazuka ubishi uliotukalisha mpaka wauza mihogo wakaanza kuzima majiko. Nauleta hapa kwa sababu kule alishinda mwenye sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa si mimi.

Kwa wasioujua: Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita wa mezani wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Unanunua vijisanamu vya plastiki, unaviunga kwa gundi, unavipaka rangi, halafu unavipiganisha kwa dadu. Habari zake ni za miaka 40,000 ijayo. Kuna meli za angani na bunduki za miale, na papo hapo kuna mashetani. Juu ya mashetani kuna miungu wanne wa Machafuko: Khorne wa damu na hasira, Nurgle wa maradhi na uozo, Tzeentch wa hila na mageuzi, Slaanesh wa anasa zisizo mpaka. Makao yao ni upande wa pili wa ulimwengu, huitwa Warp, na chakula chao ni hisia za viumbe. Ukikasirika, Khorne kala. Ukikata tamaa, Nurgle kala.

Dai langu: hawa si wabaya. Viumbe wote wangetulia wiki moja tu, hawa wangekufa njaa. Sasa utamwitaje muovu mtu anayekula alichopikiwa? Nipingeni.

2. KijanaWaKisauni

Viazi karai bila ya ukwaju ndio uovu wa kwanza. Haya endeleeni, mimi niko hapa na kashata yangu.

3. BintiKizingo

Nikurekebishe kwanza ndipo nikupinge. Mchezo uko katika milenia ya 41, kwa hiyo kuhesabu kutoka leo ni kama miaka 38,000. Hiyo 40,000 ni ya kwenye boksi.

La pili ndilo zito: hawali maovu peke yake. Khorne anakula hasira, na ushujaa pia. Tzeentch anakula hila, na matumaini pia. Mama anayesimama mlangoni na mchi mkononi kumkinga mwanawe na mwizi, Khorne kashaonja. Huko kutulia kwako wiki moja, tutulie na kupenda watoto wetu pia?

Na Slaanesh je? Eldar, taifa la kale la mchezo huu, walistarehe vizazi na vizazi mpaka starehe zao zikajikusanya kule Warp zikawa kiumbe. Siku aliyozaliwa alizitafuna roho za wengi wao kwa mkupuo mmoja, na pale palipokuwa kwao pakabaki tundu angani linaloitwa Jicho la Kitisho. Mtoto anayemla mamake kabla ya arubaini yake haijafika, huyo naye kapikiwa?

4. NahodhaNchiKavu

Binti kapiga palepale. Lakini nami nina langu.

Kwanza hilo neno Warp. Litie irabu ya mwisho upate Kiswahili: Wapi. Meli yaingia Wapi, yatoka Wapi, imepotea Wapi. Nimemaliza, sidai malipo.

Pili, babu yangu alikuwa akienda na jahazi mpaka Lamu na zaidi. Kwake yeye bahari haikuwa na ubaya wala uzuri. Kusi yakupeleka, kaskazi yakurudisha, na ukitoka wakati si wako, bahari haikuchukii, yakuzamisha tu. Wale wa 40,000 wakiingia Wapi huwasha ngao ya Gellar, kipovu cha dunia hii kinachoizunguka meli. Kikizimika, mabaharia hawaonekani tena, au wanaonekana na ukatamani usingewaona. Mimi naona ni hali ya hewa, mtu kaipa majina manne.

5. KijanaWaKisauni

Hali ya hewa yenye meno na pembe?

6. NahodhaNchiKavu

Wewe hujavuka mkondo wa Kilindini na mtumbwi mwezi wa saba. Pembe utaziona.

7. MpakaRangi

@NahodhaNchiKavu shukran, Wapi nimeichukua, na Jumamosi tunaanza kuitumia.

@BintiKizingo kuhusu Slaanesh: papa akizaliwa hushuka tumboni mwa mamake na meno yake yote. Hatumwiti muovu.

8. BintiKizingo

Papa hapendezwi na kilio chako. Slaanesh anapendezwa. Hapo ndipo penye tofauti, na umepapita mbio kama gari la Mtwapa lisiloshusha.

9. MtakaKheri

Assalamu alaykum. Sikuja kuvunja baraza, na najua ni plastiki mnazochezea. Ila kijana wangu anaucheza mchezo huu na ananisimulia nitake nisitake, kwa hiyo nina la kusema.

Mnamtafuta muovu ni nani. Katika Sura Ibrahim, aya ya 22, Shetani siku ya hukumu anawageukia wafuasi wake, anawaambia hakuwa na nguvu yoyote juu yao. Aliwaita tu, nao wakamwitika. Wasimlaumu yeye, wajilaumu nafsi zao. Mimi kila nikisikia habari za huyo Horus wenu, mwana wa Mfalme wa binadamu, nakumbuka aya hiyo. Alijeruhiwa kwenye mwezi wa sayari ya Davin, wakampeleka kwa waganga wa kule, na akiwa baina ya uhai na kifo akaonyeshwa siku za mbele: babake anaabudiwa kama mungu, na yeye hakumbukwi kwa heri. Akaghadhibika, akaasi. Kijana wangu anasema yale aliyoonyeshwa yalitokea kweli, na sababu ya kutokea ni uasi wake mwenyewe.

Sasa niambieni, huyo aliyemwonyesha alidanganya?

10. MpakaRangi

Shekhe, hapo umeniongezea hoja mimi.

11. MtakaKheri

Sijakuongezea. Anayekwambia kweli nusu akijua itakuangamiza, kwangu ni muovu kuliko muongo. Muongo utamgundua.

12. TangaRaha

Wakuu, mimi wa upande wa pili wa mpaka, niruhusuni. Mnahangaika na miungu wasio na miili wakati miungu wabaya hasa wa mchezo huu ni C'tan. Hawa hawakutokana na hisia za mtu. Walikuwepo zamani mno, wakila nyota, hawajui hata kama sisi tupo. Kulikuwa na taifa la Necrontyr ambao jua lao lilikuwa likiwaua mapema, maisha mafupi, miili imejaa vidonda. Wao ndio waliowatengenezea C'tan miili ya chuma ili wapate kuongea nao. C'tan wakasema: tutawapa na nyinyi miili isiyougua. Watu wakapanga foleni. Wakaingizwa kwenye chuma, na roho zao zikaliwa mlangoni. Walipozinduka walikuwa Necron, watumwa.

Huo ni utapeli, wala hatuna haja ya kuuliza hisia zilitoka wapi. Kuna mtu alimwambia mgonjwa "sahihi hapa" huku anajua.

Na wakalipwa. Necron wakaja kuasi wakawavunjavunja vipande, sasa wanawafungia na kuwatumia kama silaha.

13. BintiKizingo

Huu ndio mchango bora mpaka sasa, na umetoka Tanga. Aibu yetu.

14. KijanaWaKisauni

"Sahihi hapa" nimeijua. Niliwahi kukopa kwa simu mahali fulani, nikaja kukuta hata namba ya ami yangu wameshaipigia. C'tan wako mtaani.

15. MjukuuWaBibi

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini nina kisa cha kweli.

Mwaka jana likizo nilikuwa nyumbani Mji wa Kale napaka rangi Nurgle, yule wa tumbo lililopasuka matumbo nje. Nimemweka juu ya kifuniko cha soda barazani, kwenye kivuli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa kando na siniya yake ya mchele anachambua. Akanyoosha mkono, akataka kukiona. Akavaa miwani, akakigeuza taratibu, akakipitisha kidole kwenye ule uchafu wa tumbo ambao ulinichukua siku mbili, punje ya mchele imemganda kwenye ukucha. Nikangojea anigombeze. Akasema: "Huyu hajapewa chano."

Nikamuuliza vipi. Akanambia zamani mtu akipandwa na pepo, fundi humuuliza pepo jina lake na anachokitaka. Pepo husema. Huandaliwa chano: halua, mayai, ndizi, tambuu, marashi, ubani. Akipewa haki yake hutulia. Akasema hata pale mnara wa Mbaraki watu walikuwa wakipeleka marashi, na hakuna aliyesema wa pale ni mbaya, walisema ni mwenyeji. "Jini ana njaa," akasema. "Ubaya uko kwa aliyemtuma."

Sasa sikilizeni. Nikaona nimpe na habari za Mfalme wa binadamu, amekalishwa kwenye Kiti cha Dhahabu miaka 10,000, hafi wala haishi, na kila siku hutolewa kafara watu 1,000 ili aendelee kuwepo na mwanga wake uongoze meli. Bibi akaacha mchele. Akauliza, "Na huyo analishwa watu, anasema anachokitaka?" Nikamwambia hasemi. Akatikisa kichwa. "Basi hakukaa kwenye kiti. Yeye ndiye kiti."

Waliokulia Pwani mshaelewa. Kwa wengine: mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo humkalia.

16. NahodhaNchiKavu

La haula. Na amemkalia nani?

17. MjukuuWaBibi

Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema nimletee maji ya kunywa.

18. BintiKizingo

@MjukuuWaBibi kwanza rekebisho dogo, nisamehe: huyo uliyempaka si Nurgle, ni pepo mkubwa wa Nurgle. Miungu wanne wenyewe hawana vijisanamu, utapata watumishi wao tu.

Ama ya Bibi kuhusu kiti nampigia saluti. Lakini ya chano nakataa. Pepo wa Bibi akishapewa halua hutulia. Nurgle ukimpa, anakuja na ndugu zake. Na ajabu yake ni kwamba anakupenda. Anawapenda wagonjwa wake kama babu, anacheka nao, ndui ni zawadi yake. Wanaomwendea wengi hawakutaka ufalme, walitaka maumivu yaondoke. Naye anayaondoa maumivu, anauacha ugonjwa. Nimewahi kulala wodini siku tisa na dengu, na nawaambia, usiku wa nne angenijia mtu na ahadi hiyo nisingeuliza masharti.

19. KijanaWaKisauni

Dengu ya kula au ya mbu?

20. BintiKizingo

Ya mbu, mpumbavu wee. Homa ya dengi basi, umefurahi?

21. FundiSimuBondeni

Nyote mnazunguka mbuyu. Jibu liko kwenye risiti.

Mchezo ulianza 1983... lakini kampuni ni kampuni, inauza wanajeshi wa plastiki. Ili uuze wanajeshi kila mwaka lazima vita visiishe. Ili vita visiishe lazima adui asishindwe kamwe na asishinde kamwe. Adui gani huyo? Mungu anayelishwa na vita vyenyewe! Ukimpiga anashiba. Mfanyabiashara yeyote wa Marikiti angekubunia mungu kama huyo angelikuwa na nafasi. Ubaya wao ni hesabu ya stoo.

Na msinielewe vibaya, mimi ni mteja. Mzigo wangu mmoja ulikaa wiki sita mahali fulani kabla ya kunifikia, na ushuru niliotozwa ulikaribia bei ya vijisanamu vyenyewe. Hapo ndipo nilipomwelewa Khorne.

22. MwalimuMstaafu

Vijana hamjambo. FundiSimu, 1983 ni ule mchezo wa mwanzo wa mapanga na majoka, Warhammer bila ya 40,000. Huu wa anga ni 1987, na toleo lake la kwanza halikuwa na hawa wanne kwa ukamilifu. Walipewa nyama kwenye vitabu viwili vikubwa vya 1988 na 1990. Kwa hiyo hoja yako ya stoo ina kiraka: walianza kuuza vita kwanza, miungu wakaja baadaye.

Na hawakuwatoa hewani. Ile nembo ya Machafuko, mishale minane inayotoka kati, ni ya mwandishi Muingereza Michael Moorcock, wa miaka ya 1960. Kwake yeye Machafuko na Utaratibu ni pande mbili za mizani, na upande wowote ukizidi, watu huangamia. Hawa wa mchezo wamechukua mishale wakaacha mizani. Kwa maoni yangu hapo ndipo miungu hao walipoharibika: wamebaki upande mmoja, hakuna wa kuwapimia. Kisha kuna mchawi wao mkubwa anayeitwa Ahriman. Hilo ni jina la roho mbaya katika dini ya Zoroaster, ambaye ni mbaya kwa asili, hakulishwa wala hakupikiwa na mtu. Watu wa zamani walilijibu swali la MpakaRangi kabla ya plastiki.

La mwisho: mnaandika "miungu hawa", na wengine husema "miungu hii". Chagueni.

23. FundiSimuBondeni

Mwalimu shukran, 1987 nimekubali. Kiraka sikubali. Duka huanza na meza tupu, halafu ndio hupata bidhaa inayotoka.

24. TangaRaha

Miungu hawa, Mwalimu. Ni viumbe wenye uhai.

25. MwalimuMstaafu

NahodhaNchiKavu amesema ni hali ya hewa. Kwa madhehebu yake, "hii".

26. NahodhaNchiKavu

Ahsante Mwalimu. Miungu hii imevuma tangu asubuhi.

27. Tisa_Tatu

Hakuna aliyegusa namba? Khorne ni 8, Nurgle 7, Tzeentch 9, Slaanesh 6. Nurgle ni saba, na fungate ni siku saba, sasa waliooa wajihesabu. Tzeentch ni tisa. Sisi wa Mvita tuna Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Tatu na Tisa. Majirani zetu ni Mijikenda, tisa vilevile. Mji uliozungukwa na tisa kila upande na siasa zake mwazijua. Sisemi kitu.

28. KijanaWaKisauni

Mungu wa hila na vikao vya usiku akiwa na ofisi Mombasa mimi sitashangaa hata kidogo.

29. MpakaRangi

Na Nurgle ana hatimiliki ya Ngomeni. Fort Jesus ilizingirwa Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, Waomani nje na Wareno na watu wa Pwani ndani. Kila mtu anaizungumza mizinga. Walioangushwa na maradhi mle ndani walikuwa wengi kuliko walioangushwa na mizinga. Khorne alipiga kelele, mavuno akachukua babu.

Lakini nakubali jambo moja, Binti. La kupendezwa na kilio limenikaa kooni. Papa hapendezwi. Sina jibu bado.

Halafu msaada: nimepuliza vanishi kwenye kikosi kizima cha Nurgle juzi alfajiri, roshani, kikageuka ukungu mweupe. Wiki tatu za kazi. Je, amenikubali kundini?

30. FundiSimuBondeni

Ni unyevu, yakhe. Kusi hii huwezi kupuliza alfajiri. Ngoja saa nane mchana, hewa imekauka, kopo ulitie kwanza kwenye maji vuguvugu, upulize nyepesi nyepesi. Hao walioharibika wapake vanishi ya kung'aa kwa brashi, mara nyingi ukungu hupotea. Anzia mmoja wa nyuma.

31. MpakaRangi

Nimejaribu mmoja sasa hivi. Tumbo limerudi kijani! Mguu bado.

32. MtakaKheri

Mwacheni mguu hivyo, wa maradhi huyo.

33. BintiKizingo

Kabla hatujaishia kwenye vanishi. MpakaRangi, nakupa ya kulala nayo. Eldar walikuwa na miungu yao, wengi waliliwa na Slaanesh siku ile. Mmoja, Isha, mungu wa uponyaji, aliokolewa na Nurgle, akamtia kizimbani ndani ya bustani yake. Kila akitunga ugonjwa mpya humjaribishia yeye kwanza. Isha hupona, na akipona huwanong'oneza viumbe dawa yake. Nurgle anampenda, ndivyo isemwavyo.

Haya. Nani hapo amepikiwa na nani? Nani aliyetuma? Mkataba uko wapi? Na unapoweka vanishi kwenye mguu huo, uniambie huyo ni hali ya hewa.

34. NahodhaNchiKavu

Hapo hata mimi sina tanga.

35. TangaRaha

Swali dogo: Nurgle anajua kwamba Isha ananong'ona?

36. MjukuuWaBibi

Kesho nitamuuliza Bibi, akiwa hana kiu.

37. MpakaRangi

@TangaRaha ninavyoona mimi anajua, na ndio maana nas

38. MpakaRangi

Samahanini, nimo ndani ya feri nateremka Likoni, betri asilimia 2. Ntamaliza Jumamosi, atakayefika mapema ashike meza iliyo mbali na wauza mahindi.